Desmodiamu ya Mama

Nitasema tu, maana walionisengenya wameshachoka: wifi yangu aliondoka kwetu kwa sababu yangu, na siku ile sikuona haya hata kidogo.

Shamba letu la Misikhu lilikuwa limeliwa na kayongo, yale magugu ya maua ya zambarau yanayonyonya mahindi mizizini mpaka yanabaki mafupi na manjano. Mama akaenda kufunzwa, akarudi na mbegu za desmodiamu, mmea wa kutambaa unaopandwa katikati ya mistari ya mahindi ufunike udongo na kuizuia kayongo. Misimu miwili aliilea kama mtoto mgonjwa. Ikatanda, na mahindi yakaanza kurudi kimo.

Ndipo kaka yangu akaoa msichana wa Kiminini. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya mume kunifukuza, nalala chumba kile kile cha utotoni, halafu huyu anaingia na sufuria zake mpya na Mama anamwita "mwanangu" kutwa nzima! Roho iliniuma, siwezi kudanganya.

Hajamaliza mwezi, Mama akasafiri kwenda matanga Kitale. Bibi arusi akanijia na jembe.

"Wifi, haya majani yanayotambaa kwa mahindi, niyang'oe?"

Kwao hawaijui kayongo. Kwao shamba la mahindi husafishwa mpaka udongo uonekane. Hayo nilikuwa nayajua vizuri.

"Si nyinyi watu wa huko ndio mnajua mahindi, bana? Palilia vile mnapaliliaga kwenu."

Alilima siku tatu. Mimi nimekaa kivulini nachambua mboga, namwangalia. Mizizi ya desmodiamu ni ya ukaidi. Viganja vikamtoka malengelenge, akavifunga kwa kitambaa, akaendelea. Jioni aliniuliza kama Mama atafurahi. Nikamwambia, "Sana."

Mama aliporudi, msichana alimshika mkono akamkimbiza shambani, anacheka. Shamba lilikuwa tupu, udongo mtupu na mahindi. Mama akakaa chini pale pale.

"Nani alikwambia ung'oe?"

"Nilimuuliza wifi."

"Mimi?" nikaruka. "Ala! Ati uliniuliza nini?"

Akanitazama mdomo wazi. Mama akamwambia akusanye nguo zake. Kaka alipigiwa simu kazini, akasema Mama akiamua ameamua. Mjinga yule! Msichana akapanda bodaboda na mfuko mmoja, viganja bado vimefungwa.

Msimu uliofuata kayongo ilirudi, na jembe nikapewa mimi. Siku moja nililalamika kwamba mgongo umeniisha, na kwamba yule msichana ndiye aliyetuharibia. Mama alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe.

"Nilijua alikuuliza," akasema. "Uso wako ukidanganya naujua tangu ukiwa mdogo. Lakini wewe ulishafukuzwa kwa watu, ningekupeleka wapi? Yeye alikuwa na mama yake."

Halafu akaniambia nirudi shambani kabla jua halijawa kali.