Nyota Aliyopigiwa Kaviha

Watu wa Likoni walimwita Kaviha "Mjapani" mpaka akaingia kaburini, na hakuna hata mmoja aliyejishughulisha kujua kisa chake. Mimi nilikuwa jirani yake. Jina lile liliniudhi, na linaniudhi hadi leo.

Mwaka wa arobaini na mbili, vita vimepamba moto, Kaviha alikuwa mpishi wa Bwana Halford, mpima ardhi aliyestaafu. Mzungu huyo alikuwa na darubini kubwa nyuma ya nyumba, akipiga picha za mbinguni. Kwa kuwa taa zote zilizimwa kwa hofu ya ndege za Wajapani, adui wa wakati ule, aliona vizuri mno. Siku moja akamwambia Kaviha kwamba katika picha zake kuna nukta iliyohama mahali pake. Alisema ni sayari ndogo ambayo bado haijaonwa na mtu. Ilibidi wataalamu wapelekewe simu ya maandishi upesi, asije akatokea mwingine akaidai.

Habari za namna hiyo huandikwa kwa tarakimu tupu, tano tano, kuonyesha mahali na wakati. Kaviha akapewa karatasi aivushe mpaka posta. Kivukoni askari wakampekua.

"Namba za nini hizi?" akauliza mkubwa wao, Ngala.

"Za nyota, bwana."

"Nyota! Umezihesabu?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Ni moja tu. Mpya."

"Basi na ikuonyeshe njia ya kituoni, Mjapani we!"

Wakampiga mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja kuvuka, kisha wakamfungia kama jasusi. Halford alipofika kituoni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Karatasi yangu iko wapi?" Ofisa akamwomba radhi yeye, wakanywa chai. Kaviha akatolewa kwa mlango wa nyuma, jino moja limeng'oka.

Tangu hapo mkewe, Nyamvula, akitandaza mihogo yake sokoni, watu humpita. "Hatuli mihogo ya Mjapani!"

"Baba Garama," akamwambia mumewe, "mwambie bwana wako aje aseme mwenyewe. Wewe hawakuamini."

Halford akakubali. Siku atakayovuka, alisema, atawaeleza watu palepale kivukoni.

Kabla ya siku hiyo likaja jibu la wataalamu: sayari ile ilikwisha kuonwa na wengine zamani. Halford akacheka. "Basi, Kaviha, haikuwa yetu."

"Yetu!" Kaviha aliniambia jioni ile. "Jino nalo letu?"

Siku ya kuvuka ikafika. Kaviha alimbebea mkoba mpaka ukingoni. Watu walikuwa wamejaa, na Ngala yupo.

"Bwana, ndio hawa. Waambie."

Halford akawatazama, akatazama saa yake. "Si leo, Kaviha. Nimechelewa."

Kaviha akautua mkoba matopeni. "Basi beba mwenyewe!"

"Lo! Mjapani kamkaripia Mzungu!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikaenea pwani nzima. Halford akainama, akauokota mkoba, akapanda kivuko.

Kaviha hakurudi kazini. Alilima shamba lake mpaka nguvu zikamwisha, na jina halikumtoka. Neno moja la yule mtu lingetosha kumsafisha, naye alivuka nalo.