Mrija Mmoja na Mtaalamu wa Matumbo

Siku wakwe walipokuja kumposa binti yangu, mimi sikuwa na kazi ila kukaa kimya. Kwetu baba wa binti hasemi, anasemewa. Msemaji wetu alikuwa kaka yangu mkubwa, mtu anayependa kusema kuliko inavyohitajika. Labda namwonea. Mimi niliishia darasa la saba, na watu wanaoongea vizuri hunitia wasiwasi.

Wageni walitoka Ngara, wakapita Nyakanazi, wakatufikia huku Nyamigogo wamechelewa, vumbi mpaka kwenye kope. Kati yao alikuwamo baba mdogo wa kijana, mtafiti wa magonjwa ya tumbo, anafundisha chuo kikuu. Yeye ndiye aliyemlea kijana baada ya baba yake kufariki, kwa hiyo ndiye aliyepaswa kunywa pombe ya posa na kaka yangu. Desturi yenyewe ni rahisi: chungu kimoja cha pombe ya ndizi, mrija mmoja. Mwenyeji anavuta kwanza, ionekane haina sumu, kisha anampa mgeni. Mgeni asipovuta, amesema anatushuku, na posa imekufa hapo hapo. Binti yangu aliyajua hayo. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba, nikawa naona vidole vya miguu yake.

Msemaji wao akaanza kumpamba mtaalamu. Ameandika makala nyingi, zimechapishwa mpaka Ulaya, zimerejelewa na wasomi wa kila nchi.

"Kurejelewa ndiyo kufanyaje?" kaka akauliza.

"Ni kwamba wenzake wakiandika, wanasema: haya tumeyatoa kwa fulani."

"Wanamtaja."

"Ndiyo, mzee, wanamtaja, na kila kutajwa kunahesabiwa, ndiyo sifa ya msomi."

"Kwa mema?"

Msemaji akamgeukia mtaalamu. Yule bwana, na hili nitamsifia siku zote, hakuficha. "Mara nyingi, mzee. Wengine wananitaja ili kunipinga. Nao wanahesabiwa."

"Hata wanaokupinga wanahesabiwa!" Kaka akajipiga paja. "Basi mimi hapa kijijini ni profesa!"

Tukacheka sana. Mtaalamu naye akacheka, akalegea, na hapo ndipo alipoharibu. Akasema makala yake iliyotajwa kuliko zote aliifanyia utafiti kwenye kata hii hii, kwa kupima choo cha wanakijiji. Nikamtazama vizuri, nikamkumbuka. Amenenepa, lakini ndiye aliyetugawia vikopo vyenye vifuniko, miaka kadhaa nyuma, tumpelekee choo chetu. Kwa haki niseme alitupa na dawa, na maumivu yangu ya tumbo, yaliyokuwa yananinyima hata hamu ya ugali, yalikwisha.

"Choo chetu?" kaka akasema. "Wakwe, hamjaleta hata mbuzi, kumbe mlishaanza kuchukua! Na huko Ulaya uliwaambia nini kuhusu matumbo yetu?"

Angeweza kudanganya. "Niliwaambia vijidudu vya vidonda vya tumbo huenda vinapita kwenye mate. Nikashauri watu waache kunywa kwa mrija mmoja."

Kaka akainama, akavuta pombe taratibu, akameza, kisha akaugeuza mrija ukamwelekea mtaalamu.

Mtaalamu akaingiza mkono kwenye koti, akatoa mrija wa plastiki, ule wa soda, bado umo kwenye karatasi yake. "Nimekuja na wangu, mzee wangu. Kwa heshima kabisa."

"Una shaka na mate yetu?"

"Si yenu tu, mzee. Hata yangu."

"Binti unayemwombea kijana wako ana mate haya haya. Au mkifika naye nyumbani utamwandikia makala?"

Vidole nyuma ya pazia vikakunjika. Nilitaka kusema kitu, na nilikuwa nacho: kwamba mtu huyu alinitibu, aachiwe mrija wake. Lakini baba wa binti hasemi. Mpaka leo sina uhakika kama ni desturi iliyonizuia au ni woga.

Mtaalamu alimtazama kijana wake, aliyekuwa anatokwa jasho ndani ya suti ya kuazima. Akaurudisha mrija wa plastiki mfukoni. Akainama, akavuta. Alivuta kwa muda, kama mtu aliyekuwa na kiu tangu Nyakanazi.

"Profesa, tubakishie!" shangazi wa binti akapiga kelele, na vigelegele vikaanzia huko huko nyuma ya pazia.

Mrija ukazunguka kwa wazee. Ulipomrudia kaka alikuwa anasimulia, kwa sauti, jinsi alivyozima elimu ya Ulaya. Huku anasimulia, alishika pindo la koti lake, akaifuta ncha ya mrija, ndipo akautia mdomoni.

Labda alikuwa anafuta vumbi. Siku ile lilikuwa jingi. Mtaalamu aliona, nami nikaona kwamba ameona, tukatazama pembeni. Sijui kama huko chuoni jambo la namna hiyo nalo linahesabiwa.