Kiti cha Mwisho wa Safu

Goti langu la kulia liliumia kwa namna ya aibu. Sikugongwa na mtu wala sikurukia mpira wa juu. Nilikuwa nageuka kumlaumu beki wetu kwa kuchelewa, mguu ukabaki kwenye matope, mwili ukaenda zake. Kitu kikalia ndani, ko. Nikakaa chini, na hata hapo nikaendelea kumwambia yule beki kwamba yote haya ni yeye.

Nina miaka hamsini na minane, nafundisha hesabu, na kila Jumapili baada ya alasiri nacheza mpira na wazee wenzangu pale Mabawa. Wengi wetu tuna vitambi, na mmoja anacheza na miwani iliyofungwa kamba, lakini ukitucheka tutakujibu kwamba ng'ombe hazeeki maini. Mpira ule ndio unaonifanya niivumilie Jumatatu. Kwa hiyo daktari aliposema hakuna kilichokatika, ila nipumzike na nifanye mazoezi ya goti, mimi nilisikia maneno mawili tu: hakuna kilichokatika.

Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, jirani akaleta mafuta ya karafuu, nikanunua bandeji ya kukaza. Wiki ya tatu nilikuwa uwanjani. Kukimbia nilikimbia. Shida ilikuwa kukunja. Kupiga magoti na kukaa tahiyatu, kile kikao cha sala juu ya visigino, kulinitoa machozi, na kesho yake goti linavimba. Basi mwalimu wa hesabu nikapiga hesabu yangu ya kijinga: kama goti hili lina uwezo wa kukunjwa mara chache tu kwa wiki, kwa nini nilimalizie msikitini? Nikaanza kusali juu ya kiti.

Msikiti wa mtaani kwetu, Nguvumali, una viti viwili vya plastiki mwisho wa safu ya kwanza. Kimoja kilikuwa cha mzee mmoja, seremala wa zamani, ambaye magoti yake yalikwisha miaka mingi iliyopita. Kingine kilikuwa hakina mtu. Siku nilipokikalia, mzee alifurahi kama aliyepata ndugu. Kila baada ya sala namwamkia, ananishika mkono, ananiuliza goti limeamkaje. Alinifundisha kushuka ngazi kwa kutanguliza mguu mbovu. Aliniombea dua, na mimi nikaitikia amina huku nawaza Jumapili.

Sasa nieleze nilivyoumbuka. Jumapili moja uwanjani tulikuwa sare, bao moja kwa moja, mpira ukanijia niko peke yangu, nikafunga. Tangu ujana wangu, nikifunga goli naanguka sijda ya kushukuru. Ni mazoea, sikufikiri. Magoti chini, paji la uso mavumbini. Nilipoinua kichwa nilimwona mzee amesimama karibu na mlingoti wa goli, kaegemea mkongojo. Alikuwa anakwenda kumtazama dada yake mgonjwa, akapita kutusalimia. Saa moja tu kabla ya hapo tulikuwa tumekaa bega kwa bega juu ya viti, tukisali alasiri.

Nilitaka kumfuata, goti likakataa. Wenzangu wawili waliniinua huku wakicheka na kusema sijda hii imekubaliwa mno. Mzee hakucheka. Aligeuka akaenda zake polepole.

Magharibi nilikwenda msikitini nachechemea kikweli. Baada ya sala nikaanza kujieleza: maumivu yana siku zake, yanakuja na kwenda, na ile ilikuwa bahati mbaya. Mzee alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, kwa upole ambao ningeona afadhali ungekuwa hasira:

"Mwanangu, mimi kiti hiki sikukichagua."

Niliona haya ambazo sijaziona tangu utotoni. Kesho yake nilipotoka darasani nilikwenda hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Mtaalamu alikuwa binti wa Kisambaa, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Akaniamkia, akaniuliza nataka goti lifanye kazi gani. Neno mpira lilikuwa mdomoni tayari. Nikasema nataka kukaa tahiyatu. Yeye Mlutheri, ikabidi nimwoneshe, nikaishia nusu ya njia. Akaleta mto. Kila siku nikalie visigino, mto ukiwa katikati, kwa pumzi ishirini, na nikizoea niupunguze unene. Mpira hakuna mpaka kati ya paja na kisigino pasibaki kitu. Akaniomba nisimdanganye, nikabaki kujiuliza nani kamwambia.

Ilichukua miezi minne. Mto mnene, mto mwembamba, taulo, halafu kanga ya mke wangu iliyokunjwa mara nne. Kuna wiki goti lilivimba tena nikarudishwa kwenye taulo, nikalitupa uani kwa hasira, kisha nikaenda kuliokota kabla mke wangu hajaliona. Jumapili nilikaa nyumbani na roho iliniuma, sitaficha. Msikitini nilibaki kwenye kiti, safari hii kwa haki. Nilimweleza mzee habari za mto na kanga, na lile neno hakulirudia. Alichoniuliza kila siku ni kanga imebaki mikunjo mingapi.

Ijumaa moja nikasimama safuni kando ya mzee, bila kiti. Nilishuka sijda, nikainuka, nikakaa. Goti lilinung'unika lakini lilikaa. Tulipotoa salamu, mzee aliinama kutoka kitini kwake akaweka kiganja juu ya goti langu, akakiacha hapo kwa muda. 

Nikarudi uwanjani kwa sharti nililojiwekea mwenyewe, na mzee nikamwambia, kwamba nacheza kipindi cha kwanza tu. Jumapili ile ya kwanza sikufunga goli, na kipenga cha mapumziko kilipolia nilitamani sana kuvunja sharti langu. Mwenye miwani ya kamba alinisihi nibaki, timu imepungukiwa. Nikatazama pembeni, nikamwona mzee. Alikuja na bajaji, amepakia viti viwili vya plastiki kutoka nyumbani kwake. Kimoja alikuwa amekikalia. Kile kingine alikifuta vumbi kwa kofia yake, akakisogeza karibu.

"Kaa," akaniambia. "Hiki umekichagua mwenyewe."

Nikakaa.