Fataki za Mama Nisha na Uongo Wangu wa Ng'ombe

Mwanangu, kabla hujawajibu wale majirani Wahindu wanaoomba kuwasha fataki uani kwao siku ya Diwali, hebu kaa kwanza. Nakumbuka jioni moja ya Diwali hapa hapa Sekei, nilipokuwa mke kijana mwenye ulimi mwepesi kuliko akili.

Jirani yetu wakati huo alikuwa Mama Nisha. Alikuja mlangoni na kibali mkononi: ruhusa ya kuwasha fataki saa moja jioni hadi saa mbili, siku hiyo tu. Angeweza kuwasha bila kumuuliza mtu. Lakini alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mnyama wa kushtuka. Ee, muungwana ni kitendo, na yule mama alikuwa muungwana kweli!

Na mimi je? Mwaka uliotangulia fataki zilinishtua nikamwaga ndoo nzima ya maziwa, na kinyongo nilikuwa nacho bado. Nikamwambia, "Pole sana, Mama Nisha. Ng'ombe wetu anazaa leo." Mwongo mkubwa mimi! Mimba yenyewe ilikuwa ya miezi minne.

Hakubisha. Aliwaambia wanawe wawili warudishe maboksi ndani, watoto waliongoja mwaka mzima. Nikaingia jikoni nikijiona mjanja.

Giza lilipoanza kuingia, nasikia hodi ya chinichini. Mama Nisha na wanawe, miguu mitupu wasije wakamshtua ng'ombe, wamemletea sukari guru ya kumpa nguvu akishazaa. Kwao ng'ombe ni mama, mwanangu. Yule mdogo akaninong'oneza, "Shikamoo, mama. Ndama ameshatoka?"

Aibu ilinishika. Mama mkwe wangu alikuwa barazani anachambua maharage, na alijua kila kitu. Akaniambia kwa Kimeru, taratibu, "Mwenye ruhusa amekuja kukuomba. Wewe umemlipa nini?"

Nikasema ukweli wote mbele ya watoto wale, nikangoja kutukanwa. Mama Nisha akaniuliza, "Kwa hiyo ng'ombe hana shida?"

"Hana."

"Tumshukuru Mungu." Akaangalia saa, ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa moja. "Basi mshike kamba, Mama Elia. Sisi tutawashia upande wa barabarani."

Nilimshika kamba ng'ombe wangu huku nalia, na watoto wakipiga kelele za furaha kila fataki ilipopasuka juu. Sijapata kuona roho nzuri kama ile. Tangu saa hiyo niliwapenda watu wale.

Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Basi, mwanangu, kama kwako kuna mgonjwa, sema; watakuelewa. Kama hakuna, waruhusu kwa moyo mweupe, mbwa wako uwafungie ndani, kisha nenda ukashangilie nao. Anayekuomba kile ambacho angeweza kufanya bila wewe, huyo amekuheshimu. Mjibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba hupendi kelele.

Mungu akupe majirani wa kukubishia hodi, na akufanye mtu ambaye mtoto akiliamini neno lake, hajakosea. Haya, nenda ukawajibu.