Kadi ya Diski ya Ofisi ya Pensheni

Ofisi nzima ya pensheni ilimwita Spea, maana hakuwa na kitu kisicho na mwenzake. Simu mbili, miamvuli miwili, funguo za mlango uleule kwenye kila mfuko wa suruali. Mkewe alimshukuru Mungu kwamba tabia hiyo iliishia kwenye vitu.

Kazi yake ilikuwa kuitunza seva, ile mashine iliyohifadhi mafaili ya wastaafu, na kila umeme ulipokatika seva ilimtia aibu. Ilikuwa na diski mbili zenye mambo yaleyale, lakini ile sehemu ya kuiwasha mashine ilikaa kwenye moja tu. Hiyo ikigoma, ya pili inabaki na habari zote tumboni na haijui pa kuanzia, kama afisa aliyeachiwa ofisi bila maelekezo. Safari hii Spea alikuwa na la kwake pia. Faili la shangazi yake, mwalimu mstaafu aliyemlea, lilikuwa limezungushwa ofisi hadi ofisi mpaka mama wa watu akachoka, na sasa ndipo lilikuwa linaingizwa kwenye seva.

Akaomba kadi ya diski, kidude cha kuchomekwa ndani ya seva, chenye akili yake, kinachoziunganisha diski mbili mashine ikaona moja. Kamati ya manunuzi ikakaa. Mmoja akauliza kama ipo yenye rangi ya ofisi. Mwingine, aliyekuwa akisinzia, akasema seva imekuja na kadi yake ya bure, ya nini kujisumbua? Spea akaeleza mpaka povu likamtoka kwamba ile ya bure ni kadi jina tu, siku ya shida inakukana mchana kweupe. Wakamkubalia, nadhani kwa sababu chai ilikuwa imefika.

Siku ya uzinduzi Spea akachomoa diski moja mbele ya watu, akazima, akawasha. Seva ikawaka bila hata kukohoa. Kichwa kikamvimba. Akaacha hata kutoa nakala za akiba, akiona ni woga wa watu wasio na kadi. Mkurugenzi naye akaamuru karatasi zote zilizokwisha kuingizwa zichomwe moto, za shangazi zikiwemo.

Tena Mkurugenzi akanogewa. Kila mgeni alipelekwa chumba cha seva.

"Mnaiona hii?" Anachomoa diski kwa mkono wake. "Haifi!"

Makofi. Diski ikirudishwa huhitaji saa nyingi kunakili upya yaliyo kwa mwenzake, na Spea alilijua hilo vizuri. Lakini huyu aliyebishana na kamati nzima, mbele ya Mkurugenzi ulimi ulimwia mzito.

"Mzee, tuiache ipumzike kidogo," alisema siku moja, na hilo ndilo neno kali kuliko yote aliyothubutu kumwambia.

Mambo yakaharibika siku walipokuja wageni wa makundi mawili. Asubuhi Mkurugenzi alichomoa diski ya kushoto, akairudisha. Kabla haijamaliza kunakili, kundi la pili likaingia, naye akachomoa ya kulia, ili nayo ionekane. Seva ikazima. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndiyo onyesho. Mkurugenzi akairudisha haraka, akawasha, na kadi ikauliza kwenye skrini kama ifute yote na kuanza upya. Yeye, ambaye hakuwahi kusoma swali lolote hadi mwisho, akabonyeza ndiyo.

Spea ndiye aliyetumwa kuwaambia wazee waliokaa kwenye benchi nje. Shangazi alikuwa wa kwanza, mkoba mapajani. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi simo tena?"

"Humo tena, shangazi. Karatasi pia hazipo."

"Na wewe ulikuwemo humo ndani Mkurugenzi akifanya hayo?"

"Nilikuwemo."

"Ukifanya nini, mwanangu?"

"Nilikuwa nimemshikia Mzee koti."