Balbu Kumi za Masereka

Kaka yangu Masereka alikuwa fundi wa redio mjini Kasese, na hakuwa mtu wa maneno. Mwaka 1973 aliunganisha balbu kumi za tochi kwa waya mmoja, akatanguliza kapasita, kile kikopo cha kupunguza umeme, aliyoitoa kwenye feni iliyoungua, akachomeka ukutani. Balbu zikawaka bila kuungua. Alizitundika dirishani mwa duka, basi tu, kwa kuwa alizipenda.

Maneno yalianzia kwa mshonaji wa jirani. Alikuja kuchungulia mita yetu, akakiona kile kisahani cha ndani kinachohesabu umeme kikijivuta kama konokono.

“Taa kumi, na mita imelala,” alisema. “Fundi, umeipa dawa gani?”

Wiki ile ile alikuja Byamukama, mkaguzi wa umeme, pamoja na Afande Tefiro, sajini wa kambi ya jeshi. Siku hizo za utawala wa kijeshi, mtu akija na askari, watu wa mtaa huingia ndani na kuegesha milango.

Byamukama alipima mkondo kwa kipimo chake, akazidisha kwa volti za umeme wa ukutani.

“Wati thelathini na sita. Kisahani kingemaliza mzunguko kwa dakika tatu hivi. Mbona chako kinachukua kumi? Umeichezea mita.”

“Mzee, hesabu hiyo ni ya pasi, si ya kapasita,” Masereka alijibu. “Umewahi kumwona mpagazi pale mpakani Mpondwe anayevuka na gunia, akakataliwa, akarudi nalo? Ukihesabu miguu tu, utasema biashara ni kubwa. Kapasita huchukua umeme na kuurudisha. Balbu zenyewe zinakula wati kumi.”

“Hii mutu nasema mingi,” alisema Tefiro. “Wezi yote nasema mingi.”

Masereka alizima kila kitu, akawasha balbu ya wati arobaini peke yake. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi na nilikuwa na saa, kwa hiyo nilishika muda mimi. Kisahani kilizunguka mara moja kwa dakika mbili na nusu, sawasawa na inavyotakiwa. Kisha akawasha balbu zake: dakika kumi. Mara nne zaidi, kwa hiyo umeme robo.

Byamukama aliangalia karatasi niliyoandikia dakika hizo. Nadhani alielewa. Lakini aliangalia pia viatu vya Tefiro.

“Mita ya mshukiwa haiwezi kuwa shahidi wake,” alisema.

“Basi tupimie kwangu,” Tefiro alisema. “Mita yangu ni ya serikali. Ikisema mwizi, fundi, utalala ndani, na hiyo duka nafunga.”

Tulipanda gari lao hadi nyumba za kambi. Mke wa Tefiro, Kobusingye, alikuwa anapiga pasi magwanda. Alichomoa pasi kwa heshima, akasimama mlangoni kutazama. Masereka akawasha balbu ya wati arobaini, nami nikaangalia saa.

Dakika mbili na nusu zikapita, kisha tano. Kisahani hakikutikisika.

Byamukama aligeukia ukuta kana kwamba rangi yake inahitaji kukaguliwa. Ni Kobusingye aliyecheka, bila ubaya wowote.

“Hiyo haizungukangi, hata nikipiga pasi mchana mzima. Mlikuja kuitengeneza?”

Mpaka leo sijui kama Tefiro alijua, au aliikuta nyumba imeshaunganishwa hivyo, umeme ukipita kando ya mita, na mtu aliyemtangulia. Alimsogelea kaka yangu, karibu sana.

“Fundi. Umeona nini?”

“Sijaona kitu, afande. Balbu yangu imekufa.”

Balbu ilikuwa inawaka mbele yetu sote.

“Mwalimu, na wewe?”

Nikasema imekufa.

“Basi hakuna kazi hapa,” Tefiro alisema. “Nenda.”

Byamukama aliandika neno moja kwenye fomu, *Haijathibitishwa*, akampa kaka yangu nakala. Kaka hakushtakiwa wala hakusafishwa jina. Tuliporudi mtaani, mshonaji aliuliza mita ya afande imesema nini. Masereka akamwambia hakuona vizuri, na nilimwona jirani yule akitikisa kichwa. Aliamini sasa kwamba ni mwizi kweli, kwa kuwa mwenye haki angejibu.

Ijumaa alifunga duka mwenyewe, akahamia Bwera, mahali ambapo nyaya zilikuwa hazijafika. Alitengeneza redio za betri kavu hadi alipoacha kazi. Nilimtembelea wakati wa likizo. Gari likisimama nje, aliweka chini chuma cha kulehemu, akangoja hadi liondoke. Mara moja nilimwambia kwamba vipimo vyake vilikuwa sahihi, kwamba nilishika saa kwa mkono wangu.

“Najua, Kabugho,” alisema. “Usimwambie mtu.”