Kiti cha Mama wa Dagoretti Corner

Mume wangu alianguka River Road jioni akiwa na mkate mkononi, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni moyo. Nilikubali. Moyo huo nilikuwa nikimsikia akiulalamikia tangu mvua zilipoanza, na dawa zake zilikuwa pale juu ya kabati.

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, hakukubali. Alitaka kujua marehemu alikuwa wapi mchana huo. Kazini kwake Parklands, kwenye magorofa alikokuwa akitunza lifti na jenereta, walisema aliomba ruhusa akatoka saa sita. Kutoka saa sita hadi jioni hakuna aliyemwona. Shemeji akasema labda kuna mtu alimwekea kitu kwenye chai. Ana rafiki katika kampuni ya simu, akamwomba aangalie.

Kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana sebuleni kwangu Uthiru kila jioni: jamaa zake, majirani, watu wa kanisa. Siku iliyofuata shemeji alifika amevaa koti, akangoja tumalize kuomba.

"Simu yake mchana ilikuwa Dagoretti Corner," alisema.

"Dagoretti Corner wapi?" niliuliza.

"Dagoretti Corner tu. Mtambo wa pale, ule mlingoti wa simu, ndio uliomshika."

Watu waliacha kunywa chai. Niliona jambo likizaliwa mbele ya macho yangu, na hakuna aliyelizaa kwa nia mbaya. Mwanamume ametoka kazini bila kumwambia mkewe, amekaa upande mwingine wa mji mchana mzima, kisha amenunua mkate. Kabla sufuria ya chai haijapoa, mume wangu alikuwa na mke wa pili na watoto. Binamu mmoja alikumbuka kwamba marehemu aliwahi kusifu nyama ya kuchoma ya huko.

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa mwenye sauti ya taratibu, alisema mazishi ya Ijumaa yasogezwe wiki moja. Tangazo litolewe redioni tena, ili "upande ule mwingine" usikie.

"Upande upi, mzee?"

"Mama, elewa. Tumzike Ijumaa, halafu yule mama aje na karatasi ya korti, tumfukue?"

Yule mama. Tayari alikuwa ameshapewa heshima ya kuitwa mama. Na mwili wa mume wangu ulale mochari wiki nyingine, ukimngoja mtu aliyezuliwa na mlingoti.

Mimi niliishia darasa la nane, na kuhusu mitambo sijui kitu. Lakini simu nilikuwa nayo, na za wakati ule zilikuwa zikiandika kwenye kioo jina la mahali ulipo. Yangu, nikiwa jikoni, iliandika Uthiru. Nikienda kuanika nguo nyuma ya nyumba, iliandika Kangemi. Nilikuwa nimeona hivyo mara nyingi na sikuwahi kudhani nimesafiri.

"Naomba kila mtu atoe simu," nilisema. "Asome imeandika wapi."

Walidhani huzuni imenipanda kichwani, wakazitoa ili kunituliza. Jirani alisoma Uthiru. Mama wa kanisa alisoma Kinoo. Binamu wa nyama ya kuchoma alisoma Kangemi, naye alikuwa amekaa karibu na mama wa kanisa kiasi cha kugusana magoti.

"Na yako, shemeji?"

Aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. "Hii ina shida ya betri."

Binamu alimchungulia begani. "Imeandika mji wa Kikuyu," akasema. "Kumbe, kaka. Na huko umetuachia watoto wangapi?"

Watu walicheka, hata mwenyekiti alifunika mdomo kwa kofia. Mimi sikucheka. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuisha. Mwenyekiti alijifuta macho, akasema pole pole, "Lakini hizi ni simu za mkononi, mama. Ile ya ofisini ni kompyuta."

Nikamgeukia shemeji. Nilimuuliza ni nani aliyempa rafiki yake ruhusa ya kumfuata mtu aliyekufa.

"Ni kusaidia familia, shemeji. Ana makosa gani?"

"Mke wako akimwomba habari za simu yako za wiki hii, atampa?"

Mkewe, aliyekuwa ameshika trei mlangoni, alimwangalia akingoja jibu.

Niliwaambia ninachojua. Katika ndoa yetu nilikuwa nikimpigia nikiuliza uko wapi, naye akijibu niko njiani, nami nikiweka maji ya ugali. Sikuwahi kutaka zaidi ya hapo. Njia ilikuwa yake. Kama alikwenda kuangalia mbao Ngong Road, au kumwona rafiki Kawangware, au kulala tu kwenye nyasi mahali fulani kwa sababu kifua kilikuwa kinambana, sijui. Na mwenye mtambo hajui pia. Anajua mlingoti, na mlingoti huo unashika nyumba nyingi kuliko ninazoweza kuzimaliza nikibisha hodi. Kisha nikasema Ijumaa nitakwenda mochari na wanangu kumchukua, na atakayetaka kumzika atanikuta Limuru, shambani kwa baba yake.

Mzee aliona kwamba nitakwenda kweli. Akatafuta njia ya katikati, kama ilivyo kawaida yake: Ijumaa ibaki, lakini katika safu ya familia kiwekwe kiti kimoja cha akiba.

Kiti kiliwekwa, hemani Limuru. Cheupe cha plastiki, kimevishwa kitambaa cha zambarau kama vyetu, kando yangu kabisa. Ibada yote watu waliimba wakikitazama. Mimi pia nilikitazama. Nilijua kwamba hakuna mtu, na kila gari lililosimama barabarani nilisikiliza mlango wake ukifungwa.

Katikati ya mahubiri aliingia mama mmoja, amejifunga kanga kiunoni, viatu vimejaa matope. Aliangalia huku na huku, akaona kiti kitupu, akaja kukaa. Mpiga picha aliinua kamera. Shemeji alinyanyuka nusu, akainama kwake kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuipata.

"Karibu, mama. Umetoka Dagoretti Corner?"

"Dagoretti?" Alishangaa. "Mimi ni wa Uthiru. Nauza mboga kule chini ya kanisa. Marehemu alikuwa mteja wangu."

Shemeji alirudi kukaa. Yule mama alinigeukia, akaninong'oneza, uso umemwiva kwa aibu. "Mama, nimekalia kiti cha mtu?"

"Kaa," nilimwambia. "Hakina mwenyewe."

Akakaa, akasukuma kikapu chake chini ya kiti, akanishika mkono. Mhubiri akaendelea. Gari lingine lilisimama barabarani, nikageuza shingo.